UZI: Askari wa kulinda amani akishashushwa porini, kazi yenyewe huwa nini? (Kongo, Afrika ya Kati na kwengineko)

#1 MwanaKiuyu
Assalaam alaykum jamaa. Kila kikosi cha JWTZ kikiondoka kwenda Kongo au Afrika ya Kati, huku Pemba maneno huwa mawili: wanakwenda kula dola, au wanakwenda kufa. Yote mawili yamechosha. Wenye kuijua kazi naomba watueleze kazi. Vita vimetiwa saini kwisha, kombania ya bereti za bluu imeshushwa porini, kutwa inafanya nini? Kambi hujengwaje, maji hutoka wapi, na mambo huharibikia wapi? Siasa za nani kamtuma nani tuziache. Na mwenye siri ya kikosi akae nayo.

#2 NangaYaMzee
Waalaykum salaam. Kwanza hilo la vita kutiwa saini. Wanaosaini ni wakubwa, tena hotelini. Mwenye bunduki msituni huenda hajasikia, au kasikia na hataki. Ulinzi wa amani una nguzo tatu: ridhaa ya pande zilizopigana, kutopendelea, na kutotumia nguvu ila kwa kujihami au kutetea majukumu yaliyotolewa na Baraza la Usalama. Kutopendelea si kukaa kimya. Anayechoma kijiji akizuiwa kwa risasi, hakuna aliyependelewa.

Kongo ilikwenda mbali zaidi. Azimio 2098 la Machi 2013 liliunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo: watu 3,069 kwa makaratasi, bataliani tatu za miguu (Tanzania, Afrika Kusini, Malawi), kombania ya mizinga, na nyengine ya makomando na upelelezi. Kamanda wake wa kwanza ni Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Hiyo iliruhusiwa kuwafuata waasi waliko, na waasi wa kundi la M23 wa wakati ule wakashindwa Novemba 2013. MINUSCA ya Afrika ya Kati, iliyoanzishwa 2014, ni kazi nyengine: zaidi ni kulinda raia na njia. Kwa hiyo mtu akikwambia "misheni", muulize ipi.

Sasa kambi. Kombania ni watu 120 mpaka 150. Ikishushwa mahali papya mpango ni huu, na hauruki hatua: malindo kwanza, kisha mawasiliano, kisha kufyeka, kisha mahandaki, kisha choo na maji. Mahema mwisho. Kikosi kilichochoka safari huanza na mahema na jiko, jioni inaingia hakuna shimo hata moja la kuingia mtu.

Kufyeka: bomu la mkono hurushwa mita 30 na kitu, basi majani yakiwa mita 40 kutoka lindo umemkaribisha mtu. Fyeka mita 100 ukiweza, na rudia kila wiki chache, maana mvua ya Kongo haikungoji. Kila lindo liwe na kadi ya masafa imechorwa: mti ule mita 150, kichuguu mita 220, mpaka wangu wa kulia na kushoto ni huu. Zamu ikibadilika usiku, anayeingia anaisoma kadi, habahatishi.

Magunia ya mchanga yanaonekana kazi ya kitoto, ndiyo maana yanaharibiwa. Gunia lijazwe robo tatu. Likijaa pomoni halikai. Lilazwe kama tofali, kiungo cha safu ya juu kiwe katikati ya gunia la chini, mdomo na mshono viangalie ndani, kisha lipondwe kwa ubao. Risasi ya milimita 7.62 inataka nusu mita ya mchanga ulioshindiliwa. Paa la handaki ni magogo na udongo wa sentimita 45 juu yake. Bati tupu ni la kuzuia mvua. Na magunia ya plastiki yakipigwa na jua miezi kadhaa yanaoza, mchanga unamwagika kwa nyuma, ukuta unabaki sura. Mkaguzi makini haangalii ukuta kwa macho, anausukuma.

#3 Darajani_77
Yakhe, hayo yote kwa ajili ya watu waliokwisha saini amani? Si unatisha watu tu.

#4 NangaYaMzee
@Darajani_77 Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ya kombania yetu pale Semuliki, Kongo mashariki, barabara ya Mbau kwenda Kamango, ilivamiwa. Askari 15 wa Tanzania walifariki, wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa, na baadhi ya marehemu wamezikwa hapa Zanzibar. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema wazi: mafunzo yalikuwa na mapengo, misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa walioshambuliwa, na ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi havikutosha. Risasi za adui ni nusu ya habari ile. Nusu ya pili ni nani anakuja kukusaidia, kwa njia ipi, baada ya saa ngapi. Kambi isiyo na jibu la hayo, imeandikwa na imefanyiwa zoezi usiku, haijakamilika hata ikiwa na magunia elfu.

Ndiyo maana mara mbili kwa siku watu wote husimama malindoni na silaha: kabla ya kupambazuka na jua linapozama. Si desturi ya gwaride. Ndizo saa ambazo macho hayaoni vizuri na zamu zinabadilishana.

#5 FundiWaya
Nadakia kwenye mawasiliano, maana kuomba msaada ni redio.

Redio ya mkononi ya VHF (mawimbi ya karibu), wati 5, uwandani hufika kilomita 5 mpaka 8. Ndani ya msitu mnene shukuru ukipata 2. Kwa kambi iliyo kilomita 60 au 100 kutoka makao ya kikosi tegemeo ni HF (mawimbi yanayofika mbali), na hapo ndipo watu hukosea. Wanasimamisha antena ya fimbo kwenye gari, wima, wanamsikia mtu wa mbali sana lakini makao yao yaliyo kilomita 80 hawayapati. Fimbo wima hutuma mawimbi yake chini chini. Baada ya kilomita 30 hivi yanakufa, na yale ya angani yanadondoka mbali kupita unapotaka.

Dawa ni waya uliolazwa. Urefu wake kwa mita: 142.5 gawa kwa masafa ya megahezi. Kwa megahezi 5 ni mita 28.5, ukate katikati, kila mkono mita 14.25, katikati uingie waya wa kulisha unaotoka redioni. Funga mitini kimo cha mita 6 hivi. Hakuna haja ya mnara. Ukiwa chini hivyo mawimbi yanapanda wima na kurudi kama mwavuli, kilomita 0 mpaka 300, milima haizuii.

La pili ni usiku. Masafa ya mchana hayafai usiku. Megahezi 6 au 7 inayoita vizuri saa 6 mchana, saa 3 usiku inakatika; ushuke mpaka 3 au 4, na waya uwe mrefu zaidi (kwa megahezi 3 ni mita 47.5). Kikosi makini kina waya mbili tayari zimetundikwa, na kadi ya masafa ya mchana na usiku imebandikwa juu ya redio. Asiyejua atasema "redio mbovu", kumbe jua limezama tu.

Betri: za asidi usizinyonye chini ya nusu, zitakufa ndani ya miezi. Na simu ya setilaiti ni akiba, haifanyi kazi handakini.

#6 NesiWaChake
Mimi naongeza la afya, na hili linatuhusu sisi wa visiwani hasa.

Unguja na Pemba malaria imeshuka chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Neema, lakini kijana aliyekulia Wete au Makunduchi mwili wake haujazoea vimelea kama wa aliyekulia penye malaria nyingi. Akifika mashariki ya Kongo ni kama mgeni kutoka Ulaya. Kwa hiyo kinga si hiari: doksisaiklini miligramu 100 kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kuingia mpaka wiki 4 baada ya kutoka. Hizo wiki 4 za mwisho ndizo zinazorukwa. Mtu kesharudi, yuko baraza ya kahawa, dawa kaitupa, homa inamkamata. Na akiipata hapa asiseme "mafua ya safari". Apimwe siku hiyo hiyo na amwambie daktari katoka wapi. Doksisaiklini pia huchoma koo ukimeza bila maji ya kutosha ukalala, na huongeza kuungua na jua.

Homa ya manjano: sindano iwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu 2016 kadi ni ya maisha, lakini iandikwe vizuri, namba ya chanjo na muhuri, maana mtu hurudishwa uwanjani kwa kadi iliyokosewa.

Majeruhi: kanuni ya Umoja wa Mataifa ni 10-1-2. Dakika 10 damu na pumzi vishughulikiwe, saa 1 mgonjwa awe mbele ya watu wenye vifaa vya kumtuliza, saa 2 awe kwenye upasuaji. Dakika 10 za mwanzo hazina daktari, zina mwenzako aliye kando yako. Mkanda wa kubana damu ufungwe sentimita 5 mpaka 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya goti wala kiwiko, uzungushwe mpaka damu isimame, saa iandikwe. Kosa la kwanza ni kuufunga legevu kwa kumhurumia anayelia. Damu ya kurudi inazuiwa, ya kwenda inaendelea, hali inakuwa mbaya zaidi. La pili ni kuweka mkanda chini ya begi. Kila askari kikosini auweke mfuko ule ule, ili hata gizani mkono wa mwenzake uujue.

Hospitali za misheni zina ngazi. Ya kwanza ni zahanati ya kikosi: wagonjwa 20 kwa siku, vitanda 5, kulaza siku 2. Ya pili inapasua: 40 kwa siku, vitanda 20, siku 7. Ya tatu ina mabingwa, vitanda 50 na siku 30.

Maji: gramu 3 za klorini ya unga ya asilimia 65 mpaka 70 kwenye lita 1,000, ngoja dakika 30, pima, ibaki miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita. Ikisoma sifuri maji ni machafu zaidi ya ulivyodhani. Yakiwa ya tope chuja kwanza, klorini inaliwa na tope.

#7 MwanaKiuyu
Shukran @NesiWaChake, hilo la malaria halisemwi kabisa huku. Doria nazo? Na Ramadhani inakuwaje?

#8 NangaYaMzee
Doria haina siri: isipite njia ile ile saa ile ile, na isiwe gari moja. Gari la deraya likipita kijijini limefunga milango halijalinda mtu. Doria yenye faida ni ya miguu, inayosimama sokoni na kisimani, inaongea. Kivu tuna bahati, Kiswahili kinatosha kabisa, ingawa lafudhi na maneno mengine ni yao. Berbérati, huko Afrika ya Kati, ni Kisango na Kifaransa, utahitaji mkalimani. Naye ahakikishiwe usalama wake baada ya nyinyi kuondoka.

Mfano mzuri ni doria za kuni za Darfur, Sudan. Wanawake wa kambi za wakimbizi walikuwa wakibakwa wakienda kutafuta kuni, basi askari waliwasindikiza. Inatakiwa siku na saa zikubalike na wanawake wenyewe, magari yatangulie na kukaa pembeni, si katikati yao, na kiongozi ahesabu watu wakati wa kwenda na wa kurudi. Huharibika mwishoni: saa ya kurudi kambini imefika, doria inaondoka, wanawake watano walio mbali hawajafunga mizigo. Hao watano ndio doria ilikuwa kwa ajili yao. Tusisahau pia Darfur haikuwa salama kwa msindikizaji: Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa kwa kuviziwa karibu na Khor Abeche.

Ramadhani: Beni, Kongo mashariki, iko karibu kabisa na ikweta, magharibi ni saa 12 hivi mwaka mzima. Sasa angalia, saa ya futari ndiyo saa ya kusimama malindoni. Kwa hiyo hakuna futari ya pamoja ya mkeka mmoja. Nusu wanafungua kwa tende na maji pale pale lindoni, bunduki mkononi, chakula cha moto kwa zamu baada ya giza kuingia vizuri. Doria za miguu zisogezwe alfajiri. Nyama ya halali iandikwe kwenye oda ya chakula mapema, maana oda hupelekwa wiki kadhaa kabla. Ukikumbuka mwezi umeandama umechelewa. Dereva na mshika bunduki ya mashine wa msafara mrefu, kamanda ana haki ya kuwaambia wafuate ruhusa ya msafiri.

#9 Darajani_77
Tufike kwenye dola sasa, maana ndiko wote mnakozunguka.

#10 KaraniWaMlandege
Haya. Umoja wa Mataifa haumlipi mshahara askari wa kikosi. Unairudishia serikali kiasi kwa kila kichwa kwa mwezi; Julai 2022 kilipandishwa kuwa dola 1,448. Serikali ndiyo inayopanga askari wake wapate nini. Anachopewa askari mkononi na misheni ni dola 1.28 kwa siku, na dola 10.50 kwa siku za likizo, zisizozidi 15 kwa kila miezi sita. Ofisa wa makao makuu na mwangalizi wa kijeshi ni habari nyengine, hao wana posho ya kujikimu.

Ambalo mitaani halijulikani ni kwamba vifaa navyo hulipiwa, na hukatwa. Nchi ikisaini kupeleka magari ya deraya 10 kwa mkataba wa kuyatunza yenyewe, spea ni zake. Wakaguzi huja ndani ya mwezi wa kwanza, kisha kila robo mwaka. Asilimia 90 ya vifaa ifanye kazi, ama sivyo fedha zinapungua, na vifaa vikubwa vikikosekana muda mrefu hata ile ya vichwa inaguswa. Gari linawaka lakini halina jeki wala tairi la akiba? Mkaguzi anaandika. Jenereta la pili halijawashwa tangu lije? Anakwambia liwashe. Spea kutoka Dar huchukua miezi, mafundi wanaanza kuchomoa kifaa cha gari hili kutia lile, robo ya pili una magari matatu mabovu badala ya moja. Anayetaka kujua kikosi kina hali gani aangalie ghala la spea, asiangalie paredi.

Na si kila safari ya JWTZ ni bereti ya bluu. Cabo Delgado (2021 mpaka 2024) na ile ya Kongo mashariki iliyoanza Desemba 2023 na kufungwa Machi 2025 ni za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Malipo haya hayapo huko.

#11 JahaziLaMkokotoni
Mmesahau kazi inayoumaliza mzozo wenyewe: kukusanya silaha. Kombania ya bluu ndiyo inayolinda eneo hilo.

Utaratibu: mpiganaji anasimamishwa nje ya lango, mdomo wa bunduki chini, kwenye kuta za magunia. Magazini inatolewa, chemba inaangaliwa na watu wawili. Namba ya bunduki inaandikwa, risasi zinakwenda ghala jengine, yeye anapewa karatasi. Bomu la mkono na la mota haliingii ndani kabisa. Shimo lake liko mbali na mtaalamu wa milipuko ndiye anayeligusa. Aliye chini ya miaka 18 anatengwa hapo hapo na kukabidhiwa kwa wanaolinda watoto ndani ya saa 48, awe na bunduki au hana.

Pa kujifunzia ni Liberia, ambako JWTZ ilikwenda na ECOMOG, kikosi cha nchi za Afrika Magharibi, 1994. Zoezi la baadaye chini ya UNMIL, misheni ya Umoja wa Mataifa huko, lilianza tarehe 7 Desemba 2003 kambi ya Schieffelin, nje ya Monrovia. Walitarajiwa watu wachache, wakaja maelfu. Fedha na nafasi hazikutosha, ghasia zikaingia mjini, zoezi likasimama ndani ya siku 10 mpaka Aprili 2004. Mwisho walisajiliwa zaidi ya 100,000, silaha zilizopatikana zilikuwa kama 28,000. Sababu moja ni sharti: mtu aliweza kuingia kwa risasi 150 bila bunduki. Kamanda akagawa risasi kwa jamaa zake na majirani, wapiganaji wa kweli, hasa wanawake na vijana waliobeba mizigo, wakabaki nje. Kabla ya kufungua lango hakikisha fedha ziko ndani ya nchi, si kwenye ahadi, na kila siku ina idadi yake iliyotangazwa redioni.

#12 MwanaKiuyu
Na hili la 2023 mnalikwepa? Askari wa kwetu walirudishwa kutoka Afrika ya Kati.

#13 NangaYaMzee
Halikwepeki. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha kitengo cha askari 60 wa Tanzania baada ya ushahidi wa awali dhidi ya 11 kati yao kuhusu unyanyasaji wa kingono. Kanuni iko tangu 2003: kumlipa mtu kwa ngono marufuku, aliye chini ya 18 marufuku hata akidai umri mwengine, na azimio 2272 la 2016 linaruhusu kitengo kizima kurudishwa. Mashtaka ya jinai yanabaki kwa nchi yake, kwa sheria zetu za kijeshi. Kambi ndogo ya muda, mbali na makao, ofisa mmoja kijana, hakuna ukaguzi wa ghafla: hapo ndipo unyanyasaji huzaliwa. Kinachosaidia ni mambo makavu: hesabu ya watu usiku saa zisizojulikana, mabaki ya chakula yasigawiwe uzioni, biashara na wanakijiji ifanywe na mtu mmoja aliyeteuliwa, mchana.

#14 Darajani_77
Basi, mmenishinda. Mdogo wangu yuko JKU, anaombaje kwenda?

#15 KaraniWaMlandege
Haombi. JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) ni vikosi vya SMZ, serikali ya Zanzibar. Misheni inakwenda na JWTZ, ambalo ni la Muungano. JKU ni njia ya kupita tu, nafasi za kuandikishwa jeshini zikitoka. Akishakuwa askari kinachoteuliwa ni kikosi, sio mtu mmoja mmoja, na kabla ya safari kuna mafunzo ya ulinzi wa amani.

Polisi ndio wenye njia ya mtu binafsi: umri kuanzia 25, miaka 5 kazini, kisha mtihani wa lugha (kusoma, kusikiliza, kuandika ripoti, mahojiano), udereva wa gari la magurudumu manne lenye giya za mkono, na shabaha kwa misheni za silaha. Huku kwetu udereva ndio mtego, wengi wamejifunzia gari za otomatiki. Atafute gari la giya la mtu, afanye mazoezi ya kurudi nyuma kati ya vigingi kwa kutumia vioo tu.